Ugonjwa Huanza Kabla ya Mgonjwa

Mtoto wa miaka minane anaingia mtoni kuoga. Maji yanamfika kiunoni. Anacheza, anapiga mbizi, anatoka. Katika dakika hizo chache, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyotoka ndani ya konokono wa maji baridi, vimekwisha kupenya ngozi yake. Wiki kadhaa baadaye vimekuwa minyoo iliyokomaa, dume na jike, inayoishi ndani ya mishipa ya damu, na jike anataga mayai kila siku. Baadhi ya mayai hutoka na mkojo au kinyesi. Mengine hunasa kwenye ini, utumbo au kibofu, na hayo yaliyonasa ndiyo yanayoharibu mwili: tumbo linauma, damu inatoka, mtoto anadumaa, darasani anasinzia.

Ukiuliza kwa nini mtoto huyu anaumwa, mhudumu wa afya atakujibu kwamba ana kichocho, na atakuwa amejibu sawasawa. Atampa prazikwanteli, dawa nzuri, na minyoo mingi itakufa. Kisha mtoto atarudi nyumbani, na kesho yake atarudi mtoni, kwa sababu maji ya kuoga yako huko. Dawa huua minyoo iliyomo mwilini. Haimzuii mtu kuambukizwa upya. Baada ya miezi michache anaweza kuwa nayo tena.

Makala hii inahusu maswali yanayobaki baada ya jibu lile la zahanati. Kwa nini konokono wamejaa pale? Kwa nini mtoto huyu hana mahali pengine pa kuoga? Na kwa nini mtoto mwingine wa umri uleule, katika mji uleule, hajawahi kuugua kichocho hata mara moja? La kwanza tumezoea kuwaachia watu wa mazingira, na hayo mawili mengine tunawaachia watu wa siasa na uchumi. Nadhani kugawana maswali namna hiyo ndiko kunakotupoteza.

Bwawa, kamba na konokono

Mto Senegal huingia Bahari ya Atlantiki karibu na mpaka wa Senegal na Mauritania. Zamani, wakati wa kiangazi mto ulipopungua, maji ya chumvi yalipanda kutoka baharini na kuingia mbali sana bara. Kwa mkulima hilo lilikuwa tatizo kubwa, maana huwezi kumwagilia mpunga kwa maji ya chumvi. Ndipo likajengwa bwawa la Diama karibu na mlango wa mto, likakamilika mwaka 1986. Lilifanya kazi iliyokusudiwa. Chumvi ilizuiwa, maji baridi yakapatikana mwaka mzima, kilimo cha mpunga na miwa kikapanuka, na watu wakamiminika kutafuta kazi, hasa katika mji wa Richard Toll wenye mashamba makubwa ya miwa.

Mwaka 1988 wagonjwa wa kwanza wa kichocho cha tumbo waliripotiwa mjini humo. Miaka michache tu ilipita, na eneo hilo likawa miongoni mwa sehemu zenye maambukizi makali kuliko kote duniani.

Hakuna aliyeuleta ugonjwa kwa makusudi. Konokono wanaobeba vimelea hivyo hawaivumilii chumvi. Bwawa likawapa maji matamu yaliyotulia. Mbolea iliyochuruzika kutoka mashambani ikastawisha magugu ya majini, na magugu yakawa makazi na malisho ya konokono. Kuna jambo la tatu, ambalo ndilo hunifikirisha zaidi kila nisomapo habari za mto huo. Katika mto huo waliishi kamba wakubwa ambao chakula chao kimojawapo ni konokono. Kamba hawa hukaa kwenye maji matamu, lakini wakati wa kuzaa hushuka hadi mlangoni mwa mto, kwenye maji ya chumvichumvi, kwa kuwa watoto wao hawawezi kukua kwenye maji matamu matupu. Ukuta wa bwawa uliikata njia hiyo. Kamba wakapungua mno katika maji yaliyo juu ya bwawa, na konokono wakabaki bila adui.

Tunaposema "mfumo wa ikolojia", mara nyingi watu huwaza msitu na wanyama wake. Kilicho muhimu zaidi ni mahusiano: nani anamla nani, nani anampa nani makazi, maji yanakwenda wapi, chumvi inaishia wapi. Katika Mto Senegal kiungo kimoja kilikatwa kwa sababu njema kabisa, na matokeo yake yakaonekana kwenye choo cha mtoto.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia nusu ya habari. Kimelea cha kichocho hakibagui. Maisha ndiyo yanayobagua. Meneja wa shamba mwenye bomba ndani ya nyumba hakuwa na haja ya kuingia mtoni. Walioingia ni akina mama waliokwenda kufua, watoto waliotumwa maji, vibarua waliosafisha mifereji ya umwagiliaji. Na ili mzunguko wa kimelea ukamilike, sharti mayai yafike majini, yaani sharti kuwe na watu wasio na vyoo vya kutosha. Mji uliokua haraka kuliko mabomba na vyoo vyake ulikuwa umetimiza sharti hilo. Chukua bwawa lilelile na konokono walewale, uwape wakazi wote maji ya bomba na vyoo, na ugonjwa ungekosa njia ya kupita.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa mada hii yote. Mazingira hutengeneza hatari, na mpangilio wa jamii huigawa. Mara nyingi mno, jamii hiyohiyo ndiyo iliyoyabadili mazingira tangu mwanzo, ila wanaofaidi mabadiliko na wanaougua kwa ajili yake si watu walewale.

Joto moja, mitaa miwili

Mtu anaweza kusema kichocho ni ugonjwa wa vijijini na wa nchi maskini. Basi tutazame jiji tajiri.

Julai 1995 wimbi la joto liliukumba mji wa Chicago nchini Marekani. Siku ya Julai 13 kipimo kilifika nyuzijoto 41 hivi. Kwa muda wa siku tano hali ilikuwa mbaya, usiku nao haukuleta nafuu, na baadaye ilikadiriwa kwamba watu zaidi ya 700 walikufa kuliko ambavyo wangekufa katika majira ya kawaida. Wengi walikuwa wazee. Wengi walipatikana peke yao, madirisha yamefungwa.

Jua liliwawakia wote kwa namna ileile. Lakini mwanasosholojia Eric Klinenberg alipoichunguza ramani ya vifo, alikuta mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Yote miwili ilikuwa na wazee wengi maskini wanaoishi peke yao. Kwa idadi ya watu 100,000, wa kwanza ulipoteza watu 40. Wa pili ulipoteza wasiofika 4. Tofauti ya mara kumi, na kati yao kuna barabara tu.

Kilichowatenganisha kilikuwa uhai wa mtaa wenyewe. Kule North Lawndale viwanda vilikuwa vimefungwa, maduka yamehama, viwanja vimebaki vitupu, na mzee aliogopa kufungua mlango. Kule South Lawndale barabara zilikuwa na watu na maduka tangu asubuhi. Mzee aliyezidiwa na joto alikuwa na mahali pa kwenda penye ubaridi, na njia ya kufika huko bila woga. Pia alikuwa na mtu wa kuuliza, "Leo hatujamwona, vipi?" Swali dogo kama hilo liliokoa maisha ya watu. Hakuna hospitali inayoweza kulitoa kama dawa.

Naomba tusifanye haraka kuhitimisha kwamba mtaa mmoja ulikuwa na watu wema na mwingine watu wabaya. Ujirani una msingi wa vitu vinavyoonekana: taa za barabarani, duka lililo wazi, njia inayopitika, usalama. Vikiondoka hivyo, hata watu wema hujifungia ndani.

Hata joto lenyewe halikushuka kutoka mbinguni likiwa sawa kila mahali. Katika miaka ya 1930 wakala mmoja wa serikali ya Marekani ulichora ramani za miji mingi na kuvipaka rangi vitongoji kwa kadiri ya "usalama" wa kukopesha fedha za nyumba. Vilivyopakwa nyekundu, vingi vikiwa vya watu weusi na wahamiaji, vilinyimwa mikopo na uwekezaji. Mwaka 2020 watafiti walipima joto la ardhi katika maeneo 108 ya miji. Kwa wastani, vitongoji vilivyopakwa nyekundu karibu miaka 90 iliyopita vilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 2.6 kuliko vingine. Sababu ni ya kawaida kabisa: miti michache, lami na zege nyingi. Mti hutoa kivuli, na majani yake yanapovukiza maji huipoza hewa. Uamuzi wa benki ukageuka kuwa upungufu wa miti, na upungufu wa miti ukageuka kuwa joto linaloubana moyo wa mtu ambaye hakuwa amezaliwa ramani ilipochorwa.

Mnyororo unaopita pasipotarajiwa

Kuna mfano mmoja wa India ambao ni mfupi kuusimulia, lakini kila mtu anayepanga mambo ya afya angepaswa kuujua. Tumbusi, wale tai wala mizoga, walikuwa mamilioni nchini humo. Kundi lao likitua juu ya ng'ombe aliyekufa lilimaliza nyama kwa muda mfupi na kuacha mifupa mitupu. Katika miaka ya 1990 wakaanza kufa kwa wingi wa kutisha. Baadhi ya spishi zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2004 chanzo kilijulikana: diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo wafugaji walikuwa wakiwapa mifugo. Tumbusi aliyekula mzoga wenye dawa hiyo alikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi.

Mizoga ikabaki inaoza. Mbwa wa mitaani wakapata chakula tele wakaongezeka, na hatari ya kichaa cha mbwa ikaongezeka pamoja nao. Maji yaliyo karibu na majalala ya mizoga yakachafuka. Wanauchumi Eyal Frank na Anant Sudarshan, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, walilinganisha wilaya zilizokuwa makazi mazuri ya tumbusi na zile ambazo hazikuwa nao tangu zamani. Walikadiria kwamba kutoweka kwa ndege hao kuliambatana na vifo vya ziada vya watu takriban nusu milioni kati ya mwaka 2000 na 2005. Matumizi ya dawa hiyo kwa mifugo yalipigwa marufuku mwaka 2006, lakini tumbusi huzaa yai moja kwa mwaka, na kuwarudisha ni kazi ya miongo.

Ndege ambaye wengi humwona kuwa ni mbaya na mchafu alikuwa anafanya kazi ya idara nzima ya usafi. Hakuna aliyeijua thamani yake mpaka alipokosekana.

Pasipo kimelea wala uchafu

Hadi hapa nimezungumzia vitu unavyoweza kuvigusa: maji, konokono, joto, mizoga. Sehemu ngumu zaidi kueleweka ni hii inayofuata, kwa sababu hakuna cha kugusa.

Mwaka 1967 watafiti wa Uingereza walianza kuwafuatilia wanaume wapatao 18,000 waliokuwa watumishi wa serikali mjini London. Wote walikuwa na ajira ya kudumu. Wote walifanya kazi za ofisini. Wote walikuwa na haki ya kutibiwa katika huduma ya afya ya taifa, iliyokuwapo tangu 1948. Hakuna aliyekuwa fukara, hakuna aliyekunywa maji machafu. Ungetarajia wafe kwa viwango vinavyokaribiana.

Haikuwa hivyo. Watu wa ngazi ya chini kabisa, kama tarishi na mabawabu, walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango cha mara tatu hivi ya maofisa wa ngazi ya juu. Na haikuwa tu kwamba wa chini walikuwa na hali mbaya na wengine wote wako salama. Vifo vilipanda ngazi kwa ngazi: aliye wa pili kutoka juu alikuwa na hatari kubwa kuliko wa kwanza, wa tatu kuliko wa pili. Michael Marmot na wenzake walipozingatia sigara, shinikizo la damu na kolesteroli, tofauti ilipungua, lakini sehemu yake kubwa ilibaki. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kuwahusisha wanawake pia, ulionyesha kwamba jambo moja lenye uzito lilikuwa ni kiasi cha uwezo mtu alionao juu ya kazi yake mwenyewe: kuamua aanze na nini, apumzike lini, afanye kwa njia gani.

Cheo kinaingiaje kwenye mishipa ya moyo? Njia inayofahamika vizuri zaidi ni hii. Mwili una mtambo wa tahadhari. Ukikutana na mbwa mkali njiani, homoni za adrenalini na kotisoli humwagika kwenye damu, moyo unaenda mbio, shinikizo linapanda, sukari inaachiliwa ili misuli iwe na nguvu. Dakika kumi baadaye mbwa ameondoka na mwili umetulia. Mtambo huo ni mzuri sana kwa hatari inayopita. Lakini kuna hatari zisizopita: deni, kodi ya nyumba inayokaribia, bosi anayeweza kukufukuza wakati wowote, mtaa usio na usalama, dharau ya kila siku. Kwa mwili, hizo nazo ni mbwa mkali, tofauti ni kwamba haondoki. Mtambo uliotengenezwa uwake na kuzimwa unabaki unawaka miaka na miaka. Usingizi unaharibika, shinikizo linabaki juu, mafuta yanajikusanya tumboni, kinga inayumba. Mwanasayansi Bruce McEwen aliueleza mzigo huu kama uchakavu, kama ule wa mashine isiyozimwa.

Kwa hiyo mtu anapoambiwa "punguza mawazo", mimi huumia kidogo kwa niaba yake. Mawazo yake yana anwani. Yanakaa kwenye mkataba wa kazi au kwenye nyumba inayovuja.

Nani anasikilizwa

Aprili 2014 mji wa Flint, jimbo la Michigan, uliacha kununua maji kutoka Detroit ukaanza kutumia maji ya mto wake ili kubana matumizi. Flint ni mji maskini, wenye wakazi wengi weusi, na wakati huo haukuwa ukiongozwa na waliochaguliwa na wananchi bali na msimamizi wa dharura aliyeteuliwa na gavana. Maji ya mto hayakutiwa kemikali ya kuzuia kutu. Yakaanza kuyala mabomba ya zamani, na risasi, madini yanayoharibu ubongo wa mtoto, ikaingia majini.

Wakazi walilalamika tangu miezi ya kwanza. Walibeba chupa za maji ya rangi ya udongo mpaka kwenye mikutano. Waliambiwa maji ni salama. Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors mjini humo kiliacha kutumia maji hayo kwa sababu yalikuwa yanakula vyuma vyake, na kikaruhusiwa kuunganishwa na maji mengine. Watoto waliendelea kuyanywa mwaka mzima zaidi, mpaka Septemba 2015 daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha alipotangaza hadharani takwimu za risasi katika damu ya watoto. Oktoba mwaka huo mji ukarudishwa kwenye maji ya Detroit.

Huwa nasimama kwenye tarehe hizo mbili, Oktoba 2014 na Oktoba 2015. Taarifa kwamba maji yanakula vyuma ilikuwapo. Kilichokosekana ni uzito wa sauti ya waliokuwa wakiyanywa. Ndiyo maana nguvu ya kisiasa ya wananchi, yaani uwezo wao wa kuuliza na kujibiwa, ina nafasi yake katika orodha ya mambo ya afya, sawa na chanjo na vyandarua.

Fikra yenyewe si mpya

Mwaka 1848 serikali ya Prussia, ufalme wa Kijerumani wa wakati huo, ilimtuma daktari kijana wa miaka 26, Rudolf Virchow, kuchunguza mlipuko wa homa ya tifasi kule Upper Silesia. Aliwakuta watu maskini waliozungumza Kipolandi, wenye njaa, waliojazana kwenye vibanda, wasiojua kusoma, wakitawaliwa kwa lugha ambayo wengi wao hawakuielewa. Ripoti yake ilipendekeza elimu, barabara, kilimo bora, kodi zisizowaelemea maskini, lugha yao itambuliwe, na watu wajitawale kidemokrasia. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba tifasi huenezwa na chawa; hilo liligunduliwa na Charles Nicolle mwaka 1909. Hata hivyo orodha ya Virchow ingefaa, kwa sababu chawa hustawi palepale alipopataja: msongamano, nguo moja isiyobadilishwa, baridi, ufukara.

Kifua kikuu kinatoa somo la jirani, ingawa lina mabishano yake. Robert Koch alimtambua bakteria anayekisababisha mwaka 1882, na dawa ya kwanza yenye nguvu, streptomaisini, ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940. Lakini nchini Uingereza vifo vya kifua kikuu vilikuwa vimeshuka kwa sehemu kubwa kabla ya dawa hiyo. Daktari Thomas McKeown alidai sababu kuu ilikuwa lishe bora. Wanahistoria waliomfuata, Simon Szreter mmojawapo, walimpinga wakisema alidharau mno kazi ya halmashauri za miji zilizopigania maji safi, majitaka na nyumba bora. Ukitazama kwa makini, pande zote mbili zinakubaliana kwamba mabadiliko makubwa yalitokea nje ya hospitali.

Haya hayaipunguzii tiba heshima yake. Mtoto mwenye kichocho anahitaji prazikwanteli leo, asisubiri bwawa lirekebishwe. Na juhudi binafsi zina maana. Asiyevuta sigara ana nafuu kuliko anayevuta, awe na cheo gani. Ninachokataa ni ile kauli rahisi kwamba watu wanaugua kwa sababu hawajijali. Kumwambia mtu aache kuingia mtoni wakati hana bomba ni kumpa ushauri usioweza kutekelezeka, kisha kumlaumu kwa kutoutekeleza.

Tunajuaje kwamba si bahati tu?

Hapa inatakiwa tahadhari. Watu wanaoishi karibu na bustani zenye miti mara nyingi huwa na afya bora, lakini pia mara nyingi huwa na fedha zaidi. Je, miti ndiyo inayowaponya, au ni fedha? Kuangalia tu hakuwezi kujibu swali hilo, na makala nyingi za kusifu mazingira huliruka.

Njia mojawapo ya kulijibu ni kubadilisha kitu kwa bahati nasibu na kupima. Mjini Philadelphia watafiti walichukua viwanja vitupu 541, vilivyojaa takataka na vichaka, wakavigawa kwa kura. Baadhi vilisafishwa vikapandwa nyasi na miti michache, vikawekewa uzio mfupi wa mbao. Vingine viliokotwa takataka tu. Vingine viliachwa kama vilivyokuwa. Majirani walihojiwa kabla na baada. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba walioishi karibu na viwanja vilivyopandwa walipungukiwa na hisia za huzuni nzito kwa zaidi ya asilimia 40 kulinganisha na walioishi karibu na vile vilivyoachwa. Kuokota takataka peke yake hakukuleta badiliko kama hilo. Hakuna aliyehamishwa, hakuna aliyepandishwa mshahara, na kwa kuwa kura ndiyo iliyoamua, utajiri wa majirani hauwezi kuwa maelezo.

Njia ya kubadilisha kitu na kupima imetumika pia Mto Senegal. Kwanza watafiti walijaribu kuwarudisha kamba kwenye sehemu ya kuogea ya kijiji kimoja, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba konokono wenye vimelea walipungua, na watu waliokwisha kupewa dawa waliambukizwa tena kwa kiwango kidogo kuliko katika kijiji cha kulinganisha. Kisha wakageukia magugu. Katika vijiji kadhaa vilivyochaguliwa kwa kura, magugu ya majini yaliondolewa mahali watu wanapochota maji, kufua na kuoga. Konokono walipungua, na maambukizi mapya ya kichocho cha tumbo kwa watoto wa shule yakapungua pia. Hayo yalichapishwa mwaka 2023.

Magugu yaliyovutwa hayakutupwa. Yalikuwa yamenyonya mbolea iliyopotea kutoka mashambani, kwa hiyo yakafanywa mboji ya kupandia vitunguu na pilipili, na mengine wakalishwa kondoo. Virutubisho vilivyokuwa vikilisha konokono vikarudi shambani, na mkulima akapata sababu ya kuingia kwenye kazi hiyo hata kama nyumbani kwake hakuna mtoto mgonjwa.

Magugu huota tena, kwa sababu mbolea bado inachuruzika na ukuta wa Diama bado umesimama. Inabidi watu warudi kuyavuta, huku wengine wakidai mabomba na vyoo, na zahanati ikiendelea kugawa vidonge.